Bosi Haji Akiitwa

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Agustina muuza dagaa ametuletea paka. Mdogo, rangi ya majivu, anaenea kwenye bakuli la uji. Ikram hajamweka chini tangu asubuhi.

Mimi roho haijatulia. Yule wa kwanza alikanyagwa na bodaboda hapa hapa mbele ya duka, na mtoto akalia wiki nzima, chakula hataki. Sitaki kurudia. Huyu atafundishwa. Akiitwa aje, akiambiwa akae, akae. Mume wangu Muzamil amecheka. Eti paka si mbwa, mama Ikram, paka hana bwana.

Jina — Ikram alitaka Dhahabu. Baba yake akakataa kabisa. Alisema ukisimama barabarani hapa Bomani ukaanza kuita Dhahabu, Dhahabu, giza likiingia utapata wageni na mapanga yao. Hakuwa anatania. Juzi tu wamemvunjia fundi saa wa jirani kwa sababu ilisikika kwamba naye ananunua dhahabu kama sisi.

Basi jina ni Bosi. Ikram kachagua mwenyewe. Ndilo jina la heshima analolisikia dukani kutwa.

Jumatano, 5 Septemba

Somo la kwanza, uani. Nimekata dagaa vipande vidogo. "Bosi, njoo." Akija anapata, asipokuja hapati. Neno moja, sauti moja. Nimemkataza Ikram kuchanganya majina — mara kipusi, mara mtoto wangu, mara mura kama Wakurya wanavyoita vijana wao. Paka atajuaje lipi lake?

Leo amekuja kwa harufu, si kwa jina. Naiona tofauti. Pikipiki zinapita kama zinafukuzwa. Hawa vijana wa machimbo wakipata hela hawajui tena breki iko wapi. Kila inapopita najikuta nimeshika ukingo wa mlango.

Jumapili, 9 Septemba

Amekuja! Alikuwa juu ya ukuta wa jirani, amenipa mgongo, na mimi sina kitu mkononi. Nikaita mara moja tu. Sikio likageuka, kisha kichwa, kisha huyo, mbio, mkia juu. Ikram alipiga makofi hadi wateja wakachungulia. Nimempa dagaa mzima.

Nimelala mchana kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumanne, 11 Septemba

Kituko. Mogesi mchimbaji aliingia dukani akaita kama wanavyoita wote, "Bosi upo?" Paka akatoka jikoni kama mshale, akapita katikati ya miguu yake, moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, huko wanakokwenda wachimbaji wote. Akakaa mbele ya jiko la Muzamil, macho juu, anangoja dagaa wake.

Mogesi alicheka hadi akashika ukuta. "Mura, kumbe siku hizi mnanunua wawili?" Muzamil naye akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aache kazi yake halisi. Yeye ni sonara, kama baba yake aliyekuja na nyundo zake kutoka Pangani. Lakini tangu machimbo yafumuke hakuna anayeagiza pete. Watu wanaleta dhahabu ikiwa imeshikana na zebaki, donge jeupe kama fedha, na yeye analichoma juu ya jiko la mkaa hadi zebaki iishe na dhahabu ibaki na rangi yake. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, jirani asijue.

Muzamil alimkatia paka kipande cha nyama. Akasema mwache, huyu ataniletea baraka.

Jumamosi, 15 Septemba

Bosi amejua "kaa". Ukimwonyesha kiganja na kulisema, anashusha makalio taratibu kama mzee anayetafuta kiti. Ikram anamfundisha vizuri kuliko ninavyofundisha mimi. Mtoto wa miaka mitano, lakini subira anayo.

Kinachonikera ni kwamba kila mchimbaji anayeingia anasema bosi. Na kila wanaposema, paka anakimbilia nyuma. Sasa ameona hana haja ya kurudi. Amehamia chini ya benchi la Muzamil, pale penye joto la jiko. Ikram naye anakaa kizingitini kumwita. Nikimwondoa, anarudi.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimejaribu kumbadilisha jina. Simba, nikamwita. Alinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Mogesi akapita mlangoni, hata hajamaliza kutamka bosi, huyo kaondoka.

Muzamil anasema niache, jina likishaingia halitoki. Lakini angalau hayuko barabarani, akasema. Kweli. Huko nyuma hakuna bodaboda. Nimejiambia hivyo siku nzima.

Jumanne, 25 Septemba

Kuna kitu. Nimeita, Bosi akatoka chini ya benchi — lakini upande upande, miguu ya nyuma haifuatani na ya mbele. Kwenye ngazi ya jikoni akakosa kabisa, akaangukia kidevu. Akainuka. Akaja.

Nimempapasa kote. Hana kidonda, hana mfupa uliovunjika. Labda Ikram alimwangusha na anaogopa kusema. Nimemuuliza vizuri, akaapa hapana. Labda nimemkazia macho kupita kiasi. Labda paka wote wanakosea ngazi.

Alhamisi, 27 Septemba

Haji akiitwa. Nimeita kwa sauti ile ile, dagaa ninao. Sikio moja limecheza tu. Kichwa kinatikisika kidogo kidogo, kama mtu anayekataa jambo. Chakula anakikosea, anauma pembeni ya bakuli.

Muzamil anasema minyoo. Nimenunua dawa duka la mifugo, tumempa. Agustina amesema ni jicho la mtu, paka aliyesifiwa sana hadumu. Ikram amekaa naye sakafuni anasema "kaa, Bosi, kaa", na Bosi ameshalala, hana namna nyingine ya kukaa.

Jumamosi, 29 Septemba

Dawa haijasaidia. Leo alilia alipoguswa.

Jumapili, 30 Septemba

Honoratha amekuja kuchukua nguo yake niliyomshonea. Nesi, mtu wa Bukoba, serikali imemleta huku mwaka jana na amepanga nyumba ya nyuma yetu. Ikram akamwamkia shikamoo, akamvuta mkono akamwone mgonjwa wake.

Honoratha alichuchumaa, akamtazama Bosi muda mrefu. Akaniuliza analala wapi. Nikamwambia. Akauliza pale panafanyika nini. Nilisita — Muzamil hapendi isemwe. Lakini nani asiyejua? Nikamwambia.

Akamwita Ikram, akamwambia anyooshe mikono mbele, vidole wazi, afumbe macho. Kama mchezo. Ikram akacheka, akafanya. Mimi nilikuwa nimesimama na nguo mkononi.

Mikono ilitulia. Alhamdulillah ilitulia.

Ndipo Honoratha akaniambia. Zebaki ikichomwa haiishi, Adija, inapanda hewani. Huioni wala hunusi. Inaingia kwa pumzi na inakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Akasema yeye si daktari wa mifugo na hawezi kuapa kwamba ndicho kilichompata paka. Kipimo chake hapa Tarime hakipo, labda huko mbele, Mwanza au Dar. Lakini dawa ya kwanza haina haja ya kipimo, ni kutoka kwenye hewa ile.

Nikamuuliza, na mtoto? Akasema mtoto ni mdogo kama paka, anapumua chini kama paka. Kisha akaona uso wangu, akanishika bega.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nimemwambia Muzamil. Nilingoja amalize chai. Akasikiliza hadi mwisho, hilo simnyimi.

Akasema wanaochoma ni wengi, nimtajie aliyekufa. Akasema paka ana minyoo. Nikamwambia basi achome nje, uani, moshi uende zake. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake unaotisha: nje, watu waone? Fundi saa alichoma nje, mama Ikram. Umesahau walivyomwacha?

Sijasahau. Nilimwosha mkewe damu kichwani.

Nikasema basi aache. Arudi kwenye pete. Akasema pete za nani.

Nimehamisha godoro la Ikram kutoka ule ukuta wa chumba cha nyuma. Sasa limeziba mlango wa stoo. Na iwe hivyo.

Jumatano, 3 Oktoba

Nafanya mambo ya kijinga. Nimempa Ikram uzi na sindano atunge shanga, nikamtazama vidole. Nimempa kikombe kilichojaa. Nimemwambia achore duara, akachora, nikamwambia achore tena. Ameniuliza, mama, nimekosea nini?

Namwita akiwa nje, anachelewa kugeuka kidogo tu, kwa sababu anacheza, na mimi nimeshaita mara ya pili. Akija namkumbatia hadi anajinasua.

Ijumaa, 5 Oktoba

Honoratha amemchukua Bosi kwake. Alisema tuone. Nimempeleka kwenye ungo, nimemfunika kanga. Hakuniuliza kwa macho tunakwenda wapi, kama walivyozoea paka. Alilala tu na kutetemeka.

Muzamil aliona tukitoka. Akageuza uso. Mchana walikuja wachimbaji watatu, na harufu ya mkaa ilikuwa nyumba nzima.

Jumanne, 9 Oktoba

Tumekwenda kumwona. Honoratha ana baraza la saruji, lina upepo pande zote. Bosi alikuwa kwenye jua. Ikram akasimama mbali kidogo, akafanya kama tulivyomfundisha, neno moja, sauti moja. "Bosi, njoo."

Kichwa kikainuka. Akasimama. Akaja hatua chache, upande upande, akaanguka, akaja tena hadi vidoleni pa mtoto.

Ikram akanigeukia uso wote umejaa kicheko. Honoratha naye akatabasamu, akasema tusiharakishe kufurahi, anaweza kubaki hivyo hivyo. Mimi nilikaa chini pale barazani nikajifunika mtandio. Walidhani nalia kwa furaha. Ningefurahi vipi? Siku nne tu mbali na nyumba yangu, na paka anapata nafuu. Basi ni nyumba yangu.

Nimempigia simu dada Yasmini, kule Mugumu. Nikamwambia nakuja na mtoto. Hakuuliza kwa nini. Alisema kitanda kipo.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimemwambia Muzamil kesho tunaondoka. Nilitegemea ugomvi. Ningeupenda ugomvi. Alikuwa anafuta mizani yake kwa kitambaa, akaendelea kuifuta.

Mwisho akauliza, kwa muda gani? Nikasema hadi uache kuchomea humu. Akaitikia kwa kichwa kama ninamwambia bei ya kitu asichokusudia kukinunua. Kisha Mogesi akaingia na donge lake kwenye karatasi ya nailoni, na mume wangu akainuka, akaenda naye nyuma. Nikasikia kitasa.

Nimefungasha nguo za Ikram. Zangu kidogo. Najiuliza nikifika Mugumu nitamwambia nini Yasmini — kwamba nimemkimbia mume asiyenipiga, asiyelewa, anayetulisha?

Ijumaa, 12 Oktoba

Naandika nimesimama.

Begi liko mlangoni tangu asubuhi. Honoratha amekubali kubaki na Bosi. Ikram amevaa viatu. Nilikuwa nafunga maandazi ya njiani, Muzamil akatoka chumbani tayari kwenda msikitini, kanzu imefunguka kifuani. Akasimama mbele yangu.

"Nifungie."

Nilidhani ndiyo namna yake ya kuniomba nisiende. Ana namna kama hizo. Nikafunga kifungo cha juu. Nikamuuliza, leo kulikoni, kanzu imekushinda? Alitazama ukuta juu ya kichwa changu. Mkono wake ulikuwa umezuia kifungo cha chini. Nikaushika niusogeze.

Ulikuwa unacheza. Ndani ya mkono wangu, kama kifaranga ukimshika. Nikakaza, ukaendelea kucheza. Akauvuta, akauficha mfukoni mwa kanzu.

Nikasema, tangu lini?

Akasema, tangu baada ya Idi. Kabla hata ya paka. Mwanzo alidhani ni uchovu. Sasa mawe ya mizani anawaambia wateja waweke wenyewe, wanaona ni uaminifu wake. Alisema hivyo akajaribu kutabasamu.

Na mimi wiki zote hizi natazama vidole vya mtoto, miguu ya paka. Mikono hii inanimiminia chai kila asubuhi — hapana. Hainimiminii. Ni mimi namimina. Tangu lini namimina mimi?

Nikamwambia twende wote. Leo. Duka lifungwe. Akasema, "Nikifika Mugumu nitafanya kazi gani, Adija?" Hajaniita kwa jina langu tangu Ikram azaliwe.

Gari la Mugumu linapiga honi stendi, linasikika hadi hapa. Adhana imeshapita. Muzamil amekaa kwenye ngazi, kanzu imefungwa hadi shingoni, hajainuka kwenda kusali. Mkono bado uko mfukoni. Honi tena. Ikram amemtazama baba yake, akanitazama mimi, akakaa karibu na begi. Anavua kiatu kimoja. Sijamkataza.