Sato Kwenye Mikoko

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Picha ya Ndege, Kibaha.

Joto la kunata tangu asubuhi. Mawingu yametanda na mvua haitaki kushuka. Nimejifungia chumbani, nimewaambia watu kichwa kinauma. Hakiumi. Nimekata tamaa tu, na sina mtu wa kumwambia bila kumvunjia heshima mwingine.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kupasua matumbo ya samaki. Nawasaidia watafiti kule mto Mzinga unapoingia baharini. Maji yakipwa tunaingia kwenye tope la mikoko, tunakusanya samaki, kaa na kamba, halafu nakaa na kisu kuangalia nani kala nini. Kamba wachanga wanajificha kwenye mizizi, perege wanakula ukoga wa topeni, samaki wakubwa wanaingia na maji kujaa kuwala wote. Ukimgusa mmoja, wengine wote wanayumba.

Tangu masika nawakuta sato humo. Sato wa Ziwa Victoria, yule mwenye michirizi mkiani. Hakuwahi kuwa samaki wa huku. Anawafukuza perege kwenye viota vyao, anazaa nao mpaka ukimshika mtoto hujui umwite nani. Tumboni mwake nakuta ukoga uleule wa perege, na safari nyingine mabaki ya kamba wachanga. Kila mwezi perege wanapungua kwenye beseni langu. Kamba nao.

Mimi nimelelewa na hao perege. Mjomba Saidi yuko Kisarawe, bondeni, juu ya kijito kinachoshuka mpaka Mzinga. Baba alipofariki alitulisha sote kwa mgono wake, mtego wa fito anaousuka mwenyewe. Mpaka leo mboga ya nyumba ile inatoka kijitoni. Perege wakiisha, wazee wale watakula nini na ugali wao?

Sasa, mume wangu ni Msukuma wa Magu, na nyuma ya nyumba hii ana bwawa la sato.

Nilishamwambia. Nilimkalisha nikamweleza kila kitu, mpaka nikamchorea. Akacheka mpaka machozi. Mzaramo na Msukuma ni watani, na ndani ya nyumba yetu hakuna neno langu zito ambalo Baba Tunu hajaligeuza utani. "Samaki wa kwetu kawanenepesha mashavu, leo mnamwita mvamizi! Wazaramo mna shukrani kweli?" Nikacheka na mimi. Hapo ndipo nilipokosea.

Leo tulikwenda Kisarawe kuwasalimia. Tulipofika, mume wangu akateremsha ndoo iliyofunikwa chandarua. Vifaranga vya sato, vimejaa vinachezacheza. Zawadi kwa wakwe. Alikuwa amesikia Mjomba akilalamika kwenye simu kwamba mgono unarudi mtupu, akaona aibu mkwe kukosa kitoweo wakati yeye ana bwawa. Ana moyo mzuri mume wangu. Ningekuwa nimeolewa na mtu mbaya, leo ingekuwa rahisi.

Nikamvuta pembeni nikamwambia, tafadhali, usiwamwage hawa. Akanipigapiga begani. "Umeanza tena utani wako mbele ya wakwe."

Tukashuka kijitoni, nyumba nzima. Shangazi akapiga vigelegele. Mjomba akasoma dua, kisha akaichukua ile ndoo na kunikabidhi mimi. "Mwaga wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyetuletea mkwe huyu."

Ningesema nini? Nimwumbue mume wangu mbele ya wajomba zangu, zawadi iko mkononi na dua imeshasomwa? Kwetu mwanamke hafanyi hivyo. Nilitazama maji yale yanavyoteremka kwenda kule kule ninakokwenda na beseni langu kila maji yakipwa.

Nikajiangusha.

Nilihakikisha ndoo inamwagikia nyuma, majanini, mbali na maji. Watoto walikimbia kuwaokota nikabaki nimekaa palepale katikati, najifanya nimeumia mguu, ili wasipite. Vifaranga vilikuwa vinarukaruka kwenye nyasi kando yangu. Nikaanza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha kujifanya. Vile navyo ni viumbe, havikuomba kuletwa huku.

Hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo linaloniua. Mjomba alichuchumaa akanifuta matope usoni kama nilipokuwa mdogo.

"Usilie, mama. Wale aliotuletea mkwe mwaka jana wapo, wala hawajafa. Mvua ya masika iliwateremsha tu. Nasikia wamejaa mpaka huko kwenye mikoko."

Nikamtazama mume wangu. Akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyefumaniwa akitenda wema. Akasema wakati ule nilikuwa ndani, nimetoka kumzaa Tunu na arobaini haijaisha, alikuja peke yake kuwashukuru wakwe na hakutaka kuja mikono mitupu.

Miezi yote hii nawapasua, nauliza wametoka wapi. Wametoka nyuma ya jiko langu.

Njiani kurudi alinishika mkono akaniambia nisijali, Jumamosi atapeleka ndoo nyingine, na safari hii ataimwaga mwenyewe.

Sijui kama kuna dawa. Waliokwisha kufika kwenye mikoko hakuna wa kuwarudisha, nalijua hilo kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Sasa hivi namsikia Baba Tunu uani, anapiga mluzi, anawatupia pumba. Wakubwa wanamsogelea, wamemzoea.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda kuwalisha, nitamwambia sikuteleza. Nitamwambia bila kucheka, hata kama yeye atacheka.

Na akicheka?