Hundi ya boksi, na Okech yuko shimoni

Shani, saa nne asubuhi shimo la dhahabu huku Nyamwaga lilimfukia Okech, mume wa Amondi. Kijiko cha kuchimbua kilikuwa pale pale, kimeishiwa dizeli.

Watu walichanga kwa simu kabla vumbi halijatulia, hata ndugu wa Migori, ng'ambo ya mpaka. Hela zikaingia kwa Olima, binamu yake Okech, mwenyekiti wa kamati ya maafa.

Sasa sikia. Olima alikataa kuzitoa! Eti mchango hukabidhiwa mbele ya mgeni rasmi, na mgeni mwenyewe hajapatikana. Alikuwa anachora hundi kubwa kwenye boksi la sabuni. Hundi, Shani! Hela ziko kwenye simu!

"Shemeji, mume wangu yuko chini, wewe unachora?"

"Kuna utaratibu, shemeji."

"Basi huo utaratibu ukuzike wewe."

Amondi akawageukia waliochanga, akawatajia namba ya Faridu, dereva wa kijiko. Wakachanga upya. Dizeli ikaja, kijiko kikanguruma.

Wakamtoa Okech, anapumua. Olima akasogea na boksi lake: "Shika hapa, tupige picha."

Amondi akampokonya, akakaa chini, akaanza kumpepea mumewe kwa ile hundi.