Jina Lililosomwa Kanisani

Bombambili, Songea
2 Desemba 2024

Kwa kaka yangu Kajetani,

Shikamoo kaka. Ni mimi Oliva, kitinda mimba wenu, uliyemwacha darasa la sita. Natumaini barua hii imekukuta mzima na kile kifua hakikusumbui tena. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama yupo. Magoti yanamsumbua, ila mdomo, loo, huo hauna ugonjwa!

Anayekuletea barua ni Daudi, yule mtoto wa jirani ambaye siku hizi ananunua mawe ya vito huko Tunduru. Alitueleza wiki iliyopita kuwa amekuona, na kwamba ulipomtambua uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Jamani kaka, miaka kumi na mmoja, hata salamu?

Mji wako ungeushangaa. Stendi kuu imehamia kule nje ya mji, eneo la Shule ya Tanga, na pale tulipochungia mbuzi pana baa na duka la dawa. Ndiyo maana jumuiya yetu iliamua kuandika historia ya mtaa kabla wazee hawajaisha, nami nikafanywa katibu. Kila Jumamosi baada ya sala ni mabishano. Mzee Romanus anadai ndiye aliyefyeka pori la kwanza, Mama anamjibu kwamba siku anafika alikaribishwa kwa ndizi za mgomba wake yeye. Kila nyumba Mama anaikumbuka, nani alifyatua matofali, nani aliezeka kwa nyasi. Akisahau, anakumbushwa na shoga yake mama Epifania, ambaye wamechota naye maji kisima kimoja tangu wakiwa maharusi.

Tulipofikia nyumba yetu, Mama akasema niandike kuwa Kajetani yupo Tunduru, karibu anarudi. Watu wakatazama chini. Kila Jumamosi akarudia hivyo hivyo. Na kila Jumapili anakupakulia chakula, anakifunika. Jioni nakila mimi, tena nalia.

Novemba, mwezi wa marehemu, ukafika. Si unakumbuka kila familia huandika majina ya wafu wake, yakatiwa kwenye bahasha yasomwe misani? Safari hii bahasha za jumuiya alikusanya mama Epifania. Jumapili ya pili katekista akasoma: marehemu baba yetu, marehemu bibi, halafu marehemu Kajetani.

Mama akasimama katikati ya kanisa, akasema kwa sauti kuwa mwanawe hajafa, wamtoe humo haraka. Wakamshika mkono wakidhani ni uzee. Mchana akina mama wakaja na unga na kuni, kama tunavyofanya penye msiba. Mama aliwafukuza wote, unga akaumwaga uani.

Tangu siku hiyo anasema mama Epifania ndiye aliyelichomeka jina lako, kwa kuwa wiki ile alimshauri aache kukungoja, akuombee tu. Hawasalimiani. Mama Epifania siku hizi anapita njia ya nyuma, na historia ya mtaa imekwama, maana mmoja akija mwingine haji.

Kaka, aliyeandika jina lako ni mimi.

Mama hajui kusoma, bahasha huwa naandika mimi. Aliponiuliza, nilimwapia kuwa niliandika majina mawili tu. Wala sikukutakia mabaya. Nilichoka kumwona akikungoja, nikasema bora akulie mara moja yaishe. Na nikuambie ukweli wote, hata mimi nilikuwa nakungoja, na kabla Daudi hajatuletea habari zako nilikuwa nimekata tamaa.

Jumapili hii nitamwambia, mama Epifania akiwepo. Njoo, kaka. Najua uliapa hurudi bila bati za nyumba ya Mama. Nani kakuuliza bati? Njoo mikono mitupu. Ukiwepo, atanigombeza mimi huku amekushika wewe. Usipokuwepo, siku hiyo Mama atakuwa hana mtoto wa kumshika.

Kama una mke na watoto, wasalimie sana, waambie wana bibi huku Songea. Mama hajui kuwa nakuandikia, lakini pokea salamu zake, maana anakutumia kila siku.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Oliva