Beberu, Redio na Kaka Aminieli

Jumanne, 9 Desemba

Nimekata majani ya mgomba, nimemlisha beberu. Amenona, anatembea kama mbunge. Mama kapita, kampapasa mgongo, kauliza tena: "Wewe na kaka yako mtapatana lini?" Beberu ni wa siku hiyo. Mama ameshatangaza: Krismasi ikitukuta hatusemezani, hagusi nyama kwangu wala kwa Aminieli. Atakwenda kula maharage kwa jirani. Aibu ya ukoo mzima.

Ugomvi ni mpaka wa kihamba, shamba letu la urithi. Aminieli anasema nimeusogeza kwenye migomba yake. Mimi nasema yeye ndiye kausogeza kwenye kahawa yangu. Dawa ipo, kila Mchagga anaijua: mmoja akate jani la sale kwenye ua wa mpakani, alifunge fundo, ampelekee mwenzake. Ukiletewa sale huna ujanja, unasamehe. Shida ni kwamba anayelipeleka ndiye kakubali kosa. Basi sipeleki. Nimepandisha watalii Wajerumani mpaka kileleni Kilimanjaro, nimewaimbia kwa lugha yao, leo nikamwinamie Aminieli?

Alhamisi, 11 Desemba

Kilabuni kwa Mama Ndeshi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nzuri; maneno mengi. Jumamosi timu ya taifa inacheza ugenini. Ikipita, inakwenda fainali za Afrika, hizi mpya za wachezaji wa ligi za nyumbani. Vijana wameshaanza kuimba. Nikawacheka. Mara ya mwisho tulipofuzu fainali za Afrika nilikuwa navaa kaptula ya shule, na shule yenyewe niliiacha njiani.

Nikasimama na kata yangu: "Hawa wakifuzu, beberu wangu mnamla ninyi!"

Mama Ndeshi akaniangalia. "Baba Neema, yule si wa kupatana na kaka yako?"

"Kwa timu hii, mama, yule atakufa kwa uzee."

Kilabu kizima kilicheka. Raha sana. Aminieli alikuwa kwenye kona yake na redio yake ya mbao. Hakucheka.

Ijumaa, 12 Desemba

Mke wangu kayasikia ya jana. Chai kaniwekea bila neno. Sasa wasionisemesha ni wawili. Beberu tu ndiye ananijibu.

Jumamosi, 13 Desemba

Sielewi kitu. Acha niandike.

Tulijaa kilabuni mbele ya televisheni. Mimi nilikaa upande wa kuzomea. Vijana wetu wakacheza! Sikuamini. Wale wanaotuudhi kila siku, leo wanapiga pasi kama watu. Nikajikuta naomba Mungu, mimi niliyemweka beberu dau.

Mpira unakaribia kwisha, wenyeji wanatushambulia, umeme ukakatika.

Kelele. Mama Ndeshi alitukanwa kana kwamba bwawa la umeme ni lake. Halafu tukasikia sauti ya mtangazaji, ndogo, kwenye kona. Redio ya Aminieli. Watu wote wakakimbilia huko na mimi nikasukumwa nao mpaka bega langu likagota kwenye bega lake. Kelele zilizidi, ilibidi tulaze masikio kwenye redio, mimi huku, yeye kule. Kona. Kona nyingine. Mtangazaji kakauka sauti. Aminieli anasema "toa, toa, toa," na mimi nasema "toa, toa, toa."

Filimbi. Tumefuzu!

Nilimkumbatia. Au yeye ndiye alinikumbatia, sijui. Tuliruka, mbege ikatumwagikia. Nililia kabisa, mtu mzima. Kisha tukaangaliana. Tukaachiana. Akachukua redio akaondoka.

Nyuma yangu wanaimba: "Beberu! Beberu!"

Nina furaha. Nimeharibikiwa. Yote mawili.

Jumapili, 14 Desemba

Kanisani Aminieli kaangalia ukuta. Nikakohoa, kaendelea kuangalia ukuta. Sasa jana ilikuwa nini?

Nikamuuliza mzee wa kanisa, baada ya shikamoo. Kasema: "Kule kukumbatiana kulikuwa kwa mpira, mwanangu." Mama naye ndiyo kabisa: "Sale liko wapi?" Vijana wamekuja getini na masufuria. Wana haki, nilisema mbele za watu. Nikimchinja kwa mpira, Krismasi Mama anakula maharage. Nisipomchinja, mimi ni mwongo Old Moshi nzima. Nimewaambia warudi kesho. Beberu ananiangalia. Na mimi namwangalia.

Nilikwenda mpaka kwenye ua wa masale pale mpakani. Nikashika jani. Nikaliachia.

Jumatatu, 15 Desemba

Asubuhi nimemkuta beberu anatafuna. Nikamfungua mdomo: jani la sale. Nusu kameza. Nikafikiri kajichumia mwenyewe mpakani, lakini kamba yake haifiki. Mbwa wangu hakubweka usiku, naye kamzoea Aminieli tangu azaliwe. Nikakinyoosha kile kipande kilichobaki. Kina fundo.

Mbuzi hafungi fundo.



Kisha nikaenda kwake na kile kipande mkononi, kimelowa mate. Kakiona. Kachukua redio yake, tukarudi wote kwangu. Kisu nikampa yeye, maana mkubwa ndiye hugawa nyama.

Kagawa vizuri. Vijana wa kilabu wamepata supu yao, wameimba timu ya taifa mpaka wamechoka. Mama kala. Kaomba kipande laini, kaongeza na kingine.

Mpaka uko wapi bado sijui. Aminieli kasahau redio yake kwangu. Naiacha hapo mezani, simpelekei. Atakuja kuifuata.