Kitambaa Chekundu Kwenye Fremu

Shoga, nimejifungia chooni hapa kazini, kiwanda cha kufulia. Huyu Randall, meneja wetu, ni mtu kweli?

Si unakijua kile kitambaa changu chekundu? Nilikitundika mwenyewe kwenye msumari karibu na mkanda wa mashine unaopitisha mashuka, hakuna aliyenituma, maana mashuka machafu ya hospitali yanakuja na sindano, na kwa kelele za zile mashine husikiki. Ukiona sindano unakiinua, kila mtu anatoa mikono kwenye mashuka. Mimi ni mchambua mashuka tu, lakini niliwabembeleza mmoja mmoja mpaka wakazoea. Randall alikuwa anakiita "bendera ya Loretta mwoga."

Leo wakubwa wa kampuni wamekuja kutoka Cleveland. Ghafla Randall anawaambia kitambaa ni "mpango wangu wa usalama." MPANGO WAKE! Akanikonyeza nipige makofi. Nikapiga, shoga. Nikapiga!

Wageni wanaondoka, hawajafika hata mlangoni, naona sindano inang'aa kwenye shuka, mkanda unalipeleka kwa Oralia, mwenzangu wa kuchambua. Nakimbilia msumari. Mtupu!

Napiga kelele, napunga mikono. Oralia ananiangalia, anacheka, anadhani namtania. Akalishika shuka. Sindano ikapita glavu, ikazama kwenye kidole gumba.

Wamemkimbiza hospitali akapimwe damu. Ana mtoto ananyonya, shoga.

Na kitambaa? Kiko ukutani ofisini kwa Randall, kwenye fremu ya kioo, jina lake chini. Alikitoa asubuhi awaonyeshe wageni.

Unajua alichoniuliza mbele ya watu wote?

"Loretta, mbona hukuinua kitambaa?"