Tawi Juu ya Mabati ya Mama Akinyi

Jumanne, Julai

Nimewaficha binti yangu na jirani kwa nini sitaki mparachichi wetu upogolewe. Mwezi wa nne nilisema mvua itaozesha kidonda cha mti. Mwezi wa sita nikasema matunda hayajakomaa. Sababu zote mbili ni za kweli. Lakini sasa tumeshavuna, maua bado, na hakuna mvua. Wakati wa kukata ndio huu.

Leo jirani yetu, Mama Akinyi, alikuja mlangoni. Tawi limelalia paa lake, na upepo ukivuma linakwaruza mabati hadi mtoto anaamka.

“Mzee, huo mti ni wako ama wewe ndiye wake?”

Binti yangu Nafula alicheka, kisha akaniuliza polepole, “Baba, leo tuna sababu gani?”

Nilimwambia alete msumeno. Nilimwelekeza nikiwa kitini: akate kidogo kwa chini kwanza, gome lisichanike, kisha amalizie juu, bila kugusa uvimbe ulio kwenye shina, pale tawi linapoanzia. Alishika msumeno vizuri kuliko nilivyowahi kuushika. Tawi likashushwa kwa kamba, Mama Akinyi akilipokea kwa mikono miwili.

“Usihuzunike, Baba. Mti ukipumzika utazaa tena. Msimu mmoja tu, ama miwili.”

Niliitikia kwa kichwa. Msimu mmoja tu...

Nafula anaamini nina vidonda vya tumbo, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Ni saratani. Daktari aliniambia mwezi wa pili kwamba sitaifikia Krismasi.