Kiota Kilichobaki kwenye Rili ya Harlan

CHAMA CHA WAVUVI WA BESI, ZIWA NOXALEE, ALABAMA
Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumanne, tarehe 11 Machi, saa 11:00 jioni, katika ukumbi wa zimamoto wa kujitolea

Waliohudhuria:
Bw. Royce Tidmore – Mwenyekiti
Bi. Loretta Mims – Mweka Hazina, mwenye duka la vifaa vya uvuvi
Bw. Vester Crumpton – Mjumbe
Bi. Oneida Stallings – Katibu

Aliyekosekana kwa udhuru:
Bw. Cleon Hatch – anapaka rangi trela ya mashua. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba trela hiyo inapakwa rangi tangu Krismasi ya mwaka juzi.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, kisha akawaomba wajumbe wasitupe maganda ya karanga sakafuni. Bw. Crumpton aliuliza kwa nini anatazamwa yeye.

KUMB. NA. 2/3: MASHUA YA BW. CRUMPTON
Mwenyekiti alikumbusha kwamba Mashindano ya Jozi ni Jumamosi, na mashua yenye mtu mmoja haipokelewi. Bw. Crumpton alikuwa akivua na marehemu Harlan Stallings, mume wa Katibu, aliyetutoka mwezi Novemba. Tangu hapo kiti cha mbele hakina mtu.

Bw. Crumpton alieleza kwamba hatatafuta mgeni. Alimtaka Katibu, na Katibu akikataa yeye ataketi gatini ale karanga. Alisema: "Shemeji, kile kiti kimeshazoea watu wa nyumba yenu."

Katibu alikubali, kwa sharti kwamba afundishwe rili ya juu, kizungushio cha mshipi kinachokaa juu ya ufito. Yeye huvua ukingoni kwa rili ya chini, ile inayoning'inia chini ya ufito na kuachia mshipi yenyewe. Lakini mashua ya Bw. Crumpton huvua katikati ya visiki, na samaki huyu wa besi asipovutwa kwa nguvu hukimbilia mizizini. Hapo hutakiwa rili ya juu, ambayo bobini yake, pale mshipi unapozungushwa, huzuiwa kwa dole gumba. Dole likichelewa, bobini huupita mshipi mbio na mshipi hujirundika. Rundo hilo chamani huitwa kiota.

KUMB. NA. 3/3: KUCHAGUA RILI
Mwenyekiti alipendekeza rili yenye kasi kuliko zote. Bi. Mims alipinga, akasema: "Royce, huyu anajifunza. Hakimbizwi na polisi." Alishauri ya mwendo wa wastani, yenye breki ya sumaku inayorekebishwa kwa nje.

Kuhusu mkono wa kuzungushia, Mwenyekiti alisema mvuvi wa kweli huzungusha kwa kulia. Bi. Mims aliuliza kama ndiyo sababu yeye, akishatupa kwa kulia, huhamisha ufito kushoto kila mara kama mama anayebadilisha mtoto bega. Mwenyekiti alisema hilo halimo kwenye ajenda. Iliamuliwa kwamba Katibu atupe kwa kulia na kuzungusha kwa kushoto.

Bw. Crumpton ndipo aliposema kwamba rili ya namna hiyo ipo, ni ya Harlan. Katibu aliitoa kwenye mkoba. Ilikuwa ndani ya soksi ya sufu, kama marehemu mwenyewe alivyokuwa akiihifadhi. Ilikuwa na kiota.

KUMB. NA. 4/3: KIOTA CHA MAREHEMU
Katibu alieleza kwamba kiota hicho ni cha siku ya mwisho ya Harlan ziwani. Jioni hiyo Harlan aliahidi kukifungua baada ya chakula, akasinzia kitini, asiamke tena.

Mwenyekiti alitoa kisu, akasema mshipi ukatwe, Jumamosi haimsubiri mtu. Katibu alisema angependa usikatwe. Mwenyekiti alifunga kisu.

Hata hivyo alikumbusha desturi ya chama: aliyefunga kiota ndiye anayekifungua, kwa mikono yake. Aliuliza, sasa nani? Bi. Mims alikata keki aliyokuja nayo, ambayo ilikuwa imeshakatwa.

Bw. Crumpton alisema: "Nusu ya hicho ni changu. Nilimsimulia ile trela ya Cleon wakati anatupa. Akacheka, dole likaachia."

Katibu alimwuliza kama Harlan alicheka sana. Bw. Crumpton alisema mashua ilitikisika.

Mwenyekiti aliamua kwamba kiota hicho ni cha mashua, si cha mtu, hivyo watu wa mashua wakifungue. Bw. Crumpton alishika ufito. Katibu alielekezwa akandamize bobini kwa dole, azungushe mkono wa rili kidogo, aachie, kisha avute. Alipovuta kwa nguvu aliambiwa: "Usikigombeze, shemeji. Kibembeleze."

Kilifunguka. Mshipi ulitoka wote mpaka mlangoni, na Mwenyekiti aliombwa asiukanyage. Bi. Mims aliukagua akasema umeshika mikunjo, hauaminiki kwa besi. Alifunga mshipi mpya wa nailoni nene, inayomsamehe anayeanza. Ule wa zamani ulizungushwa kwenye kopo la karanga, Katibu akaondoka nao.

KUMB. NA. 5/3: MAZOEZI UWANJANI
Kizito kisicho na ndoana kilifungwa. Kirungu cha pembeni, kinachobana bobini, kilikazwa mpaka kizito kikashuka polepole, na bobini ikasimama kilipogusa ardhi. Breki iliwekwa kiwango cha juu. Shabaha ilikuwa sahani ya keki ya Bi. Mims, baada ya mjadala.

Katibu alitaja kwamba Harlan alikuwa akitupa kutoka baraza ya nyuma hadi kwenye karai nyasini, naye akimenya mbaazi hapo. Kwa mlio tu Katibu alijua kama kizito kimeingia, bila kuinua kichwa. Bw. Crumpton alisema basi asitazame dole, asikilize bobini.

Mtupo wa kwanza ulikuwa mfupi. Uliofuata ulikaribia sahani. Kisha Mwenyekiti alirejea hoja yake ya mkono wa kulia, Bi. Mims akamwigiza akihamisha mtoto bega, na Katibu alicheka. Dole liliachia. Kiota kilikuwa kikubwa kuliko cha Harlan.

Mwenyekiti alitoa kisu, akakirudisha bila kuambiwa. Bw. Crumpton alisema: "Hicho ni chako peke yako, shemeji. Mimi sikusema neno."

Iliazimiwa kwamba mashua ya Bw. Crumpton iandikishwe kwa majina mawili: V. Crumpton na O. Stallings.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 12:50 jioni, mwanga wa jua ukiwa bado juu ya maji. Katibu alibaki kwenye ngazi za ukumbi akifungua kiota chake. Bw. Crumpton alimngoja, na maganda yake aliyatia mfukoni.

Royce Tidmore
MWENYEKITI

Oneida Stallings
KATIBU
(Saini ilitiwa Jumatano asubuhi, mikono ilipopata nafasi.)